Rili Nyepesi Inasumbua? Anza na Uzi wa Akiba

Rili nyingi ninazoletewa nizitazame, vile vifaa vya kukunjia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia samaki, hazina ubovu wowote. Kishikio kinazunguka, breki inalia vizuri, spuli, lile gurudumu la kukunjia mshipi, imekaa sawa kwenye mhimili wake. Ugonjwa uko chini kabisa, kwenye uzi wa akiba, ule uzi mwembamba wa kusukwa unaofungwa kwenye kitovu cha spuli kabla ya mshipi mkuu kuviringishwa juu yake. Wengine huuita bekingi. Kwa kuwa umefunikwa na mshipi, hakuna anayeushuku, na mtu hununua rili nyingine akaijaza vilevile, shida ikarudi.

Maelezo haya yanahusu rili ndogo za uvuvi wa nzi, yaani kuvua kwa chambo bandia kinachofanana na mdudu, zile za fimbo namba 3 hadi namba 5 (namba ikiwa ndogo, fimbo na mshipi wake ni vyepesi zaidi), tunazotumia kwenye mito ya trauti ya Aberdare na Mlima Kenya: Gura, Chania, Thego, Ragati, Burguret. Trauti si samaki wa asili huku. Mayai ya wale wa kwanza yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, na Ewart Grogan mwaka 1905, wakapandwa mto Gura. Mito hii ni myembamba, ina mawe mengi, na matawi yameinama hadi juu ya maji. Samaki hana pa kukimbilia mbali. Mshipi mkuu una urefu wa mita 27 hivi, nawe hapo mtoni unatupa mita 8 au 10. Samaki wa gramu 300 akipigana kwa nguvu zake zote, bado hataumaliza mshipi.

Kwa hiyo kwenye rili nyepesi, uzi wa akiba kazi yake kubwa ni kujaza spuli ili mshipi mkuu ukae juu, kwenye mzunguko mpana. Ni msingi wa nyumba. Akiba ya kumfuata samaki anayekimbia ni kazi yake ya pili, nayo ina maana zaidi ukipanda kwenye maziwa ya mlimani kama Rutundu au Alice, ambako trauti wa upinde wa mvua ana nafasi ya kunyoosha mbio. Nashauri usome dalili zote hapa chini ukiwa na jambo hilo akilini.

Kabla ya kulaumu chochote, vuta mshipi wote nje mpaka ulione fundo linalouunganisha na uzi wa akiba. Tazama uzi umejaa kiasi gani, umelala vipi, ni wa aina gani. Dakika tano hizo zimeniokolea siku nyingi.

Mshipi unatoka umejikunja kama springi, na kuurudisha kunachosha

Hapa uzi wa akiba ni mchache, au haupo kabisa. Mshipi umelala karibu na kitovu, umejipinda kwenye duara dogo, na umezoea kukaa hivyo. Asubuhi ya baridi kule juu ndiyo mbaya zaidi, maana ganda la plastiki la mshipi hukakamaa na zile duara hukataa kunyooka. Unatupa nzi wako, mshipi unalala majini kama minyoo, trauti anamuuma nzi na kumwachia kabla hujasikia kitu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukikunja mshipi mahali ambapo kipenyo ni sentimita 3, kila mzunguko wa kishikio unarudisha sentimita 9 na nusu hivi. Ukiuinua mpaka kipenyo kiwe sentimita 6, mzunguko huohuo unarudisha karibu sentimita 19. Mita 10 za mshipi ulizokuwa ukizirudisha kwa mizunguko zaidi ya mia sasa zinarudi kwa hamsini na kitu. Samaki anayekujia mbio mshipi ukalegea hakusubiri wewe uzungushe mara mia.

Dawa ni kuongeza uzi wa akiba. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea aina.

Kwenye rili ya namba 3 hadi 5 mimi hutia Dacron ya ratili 20, na sioni sababu ya kingine. Dacron ni poliesta iliyosukwa. Haivutiki sana, haikumbuki kukunjwa, inashika fundo, na haikati vidole. Kuna wanaodai kwamba ratili 20, yaani kilo 9, ni dhaifu mno. Tazama mnyororo mzima: ile ncha nyembamba unayofungia nzi, ya kipenyo cha milimita 0.15 hivi, hukatika kwenye kilo 2 au zaidi kidogo. Samaki ataikata ncha zamani kabla hajaigusa Dacron. Ukinunua ya ratili 30 unalipia nguvu ambayo hutaitumia kamwe, na unaipa nafasi kubwa zaidi ndani ya spuli: ya ratili 20 ina unene wa milimita 0.45 hivi, ya ratili 30 inakaribia 0.55, na tofauti hiyo ndogo kwa macho inakula nafasi karibu mara moja na nusu.

Uzi wa poliethilini uliosukwa, ule mwembamba mno na wenye nguvu kupita kiasi, una wapenzi wake. Unafaa kwa wavuvi wa taigafishi, samaki mkali mwenye meno makubwa, kwenye mito kama Mnyera na Ruhudji huko Tanzania, au wa samaki wakubwa wa baharini, wenye rili nzito na haja ya mita 200 za akiba. Kwenye rili nyepesi unaleta shida mbili kwa mpigo. Kwanza haujazi. Uzi wa milimita 0.28 unahitaji karibu mita 180 kuchukua nafasi ambayo Dacron inaichukua kwa mita 70. Pili unateleza na kujichimbia, mambo nitakayoyaeleza mbele.

Mshipi unagusa nguzo za fremu, au rili inakwama samaki akiwa karibu

Sasa tumevuka upande wa pili: uzi wa akiba umezidi. Nyumbani, mshipi ukiwa umekunjwa kwa utulivu, kila kitu kinapita. Mtoni hali ni nyingine. Unamvuta samaki, jicho liko majini, mshipi unajikusanya upande mmoja wa spuli, kichuguu kinainuka, kinagusa nguzo, zile fito za fremu inayoizunguka spuli, rili inasimama. Samaki anageuka, ncha inakatika.

Duka lililonijazia rili yangu ya kwanza ya namba 4 lilitumia uzi wa ratili 30 kwa idadi ya yadi iliyoandikwa kwenye kisanduku. Idadi hiyo ilikuwa imepimwa kwa uzi wa ratili 20. Safari yangu ya kwanza Thego, samaki wa pili, mshipi ulijibana kati ya spuli na fremu ukachubuka ganda lake karibu urefu wa kidole. Mshipi wa pesa nyingi, uliochubuka kwa sababu ya uzi wa bei ya chini kuliko vyote. Bado inaniuma.

Kile kiasi kinachoandikwa kwenye kisanduku, tuseme WF4 na yadi 70, ni makadirio. Kinategemea mambo manne, na lolote likibadilika hesabu inavunjika. La kwanza ni unene wa uzi, nimeshalisema. La pili ni yadi na mita: yadi 100 ni mita 91, na ukipima mita 100 umezidisha mita 9. La tatu ni namna ulivyokunja. Uzi uliolegea unavimba. La nne, ambalo wengi hawalijui, ni umbo la mshipi mkuu. Herufi WF zina maana mshipi una kichwa kinene cha mita 10 au 12 mbele, kisha sehemu yote ya nyuma ni nyembamba. Herufi DT zina maana mshipi ni mnene karibu urefu wake wote, umechongoka kwenye ncha mbili tu. Ukitoa WF ukaweka DT ya namba ileile, umeongeza unene mwingi bila kugusa uzi wa akiba. Mita moja ya mshipi wenye unene wa milimita 1 inachukua nafasi ya mita 5 za Dacron ya ratili 20. Piga hesabu mwenyewe ni mita ngapi za uzi utalazimika kuzitoa.

Njia ninayoiamini kuliko kisanduku chochote ni kujaza kinyume. Inachukua alasiri moja, lakini ukishaifanya hutakisia tena. Mimi huifanyia kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi iliyo karibu, jioni watoto wakishaondoka. Goli hadi goli kunatosha. Usiifanyie kwenye murram wala lami, changarawe itautafuna mshipi.

Bandika ncha ya mbele ya mshipi mkuu kwenye kitovu cha spuli tupu kwa kipande kidogo cha tepu. Kunja mshipi wote. Funga uzi wa akiba kwenye mkia wa mshipi, endelea kukunja uzi juu yake, ukiukaza na kuutandaza sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka ubaki upana wa milimita 4 au 5 kati ya uzi na nguzo ya fremu.  Kata uzi hapo. Hicho ndicho kipimo cha rili yako na mshipi wako, si cha mtu mwingine.

Sasa vitu viko juu chini, uzi juu na mshipi chini. Funga ncha ya uzi kwenye mlingoti wa goli. Shika rili, tembea kuelekea goli la pili ukiachia uzi, kisha mshipi, mpaka tepu ibanduke. Mkabidhi msaidizi ncha ya mshipi, nawe rudi na rili kwenye mlingoti, fungua uzi, ufunge kwenye kitovu. Kunja huku ukitembea taratibu kumwelekea msaidizi, naye auzuie mshipi kidogo ili usilegee. Ukimfikia, kazi imekwisha. Futa mshipi kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo unapoukunja, maana nyasi haziachi kitu kisafi.

Unazungusha kishikio, mshipi haurudi

Kijana mmoja alinijia jioni na rili mpya kabisa. "Mwalimu, hii imekufa. Nikizungusha inazunguka, lakini mshipi uko palepale." Nilimwambia ashike mshipi mkononi mimi nizungushe. Spuli ilizunguka, na ile donge yote ya uzi na mshipi ikabaki imetulia kama gurudumu la gari lililonasa kwenye tope. Chini kulikuwa na uzi wa poliethilini uliofungwa moja kwa moja kwenye chuma laini.

Uzi huo ni mtelezi kama sabuni. Kwenye kitovu kilichong'arishwa hauna cha kushika. Ukizunguka mara moja, utazunguka kila samaki akivuta.

Kama tayari unao na hutaki kuutupa, zungushia kitovu raundi moja ya tepu ya mafundi umeme, au anza na mita chache za Dacron, kisha ndipo uunganishe. Kuna spuli zenye tundu kwenye kitovu. Pitisha uzi humo kabla ya kufunga, nusu ya tatizo inaisha. Kwa Dacron, fundo la kawaida la kitovu linatosha: zungusha uzi kwenye kitovu mara mbili, funga fundo la kwanza kuuzunguka uzi mrefu, funga la pili kwenye ncha yenyewe, lowesha kwa mate, vuta mpaka la pili ligonge la kwanza. Ukisikia linateleza hata kidogo, fungua urudie. Usiseme litajikaza lenyewe mtoni.

Uzi unatoka kwa mishtuko, ncha inakatika bila sababu

Hii hutokea mara chache, na ikitokea ni kwa samaki mzuri, ndiyo maana inauma. Samaki amefika kwenye uzi wa akiba, uzi unatoka vizuri mita tatu nne, ghafla unagoma, unaachia, unagoma. Breki haina hatia. Uzi ulikunjwa ukiwa umelegea, na samaki alipovuta, mizunguko ya juu ilizama katikati ya mizunguko ya chini ikajibana humo.

Kanuni yake: uzi ukunjwe kwa mvuto uliozidi mvuto wa samaki yeyote utakayemkaza. Kwa rili nyepesi nakadiria kati ya nusu kilo na kilo moja. Kama hujui hiyo ikoje mkononi, ning'iniza pakiti ya sukari ya nusu kilo kwenye uzi, usikie uzito wake. Kisha kunja ukiwa umepitisha uzi katikati ya kurasa za kitabu kinene na umeweka kitu kizito juu yake. Vidole peke yake huchoka mita ya ishirini, na huko ndiko ulegevu huanzia. Uzi wa poliethilini ndio hujichimbia vibaya zaidi kwa sababu ya wembamba wake, na ukijaribu kuuzuia kwa kidole unakatwa kama kwa wembe.

Baada ya samaki yeyote aliyekufikisha kwenye uzi wa akiba, uvute tena nje ukiwa bado ukingoni, uukunje upya kwa kuukaza. Usingoje nyumbani.

Spuli imebana ndani ya fremu, haitoki

Chini kuna nailoni ya kawaida ya kuvulia. Nimeona hili mara nyingi kuliko nilivyotaka, kwa kuwa nailoni ni rahisi kupatikana na inafanana na suluhisho. Nailoni huvutika. Ukiikunja ikiwa imekazwa, kila mzunguko unataka kurudi kwenye urefu wake wa awali, na mita 70 kwenye spuli ndogo ni mizunguko zaidi ya mia tano, yote inakibana kitovu na kusukuma kingo za spuli nje. Spuli nyepesi imetobolewa kila mahali ili ipungue uzito. Kingo zake hutanuka, inaanza kusugua fremu, mwisho inakwama.

Kata nailoni yote kwa kisu, ukielekeza makali mbali na kitovu. Usijaribu kuikunjua. Spuli zingine hurudi sawa zikishafunguliwa. Ikibaki imepinda, hiyo ni ya kubadilishwa.

Fundo linagonga kwenye pete za fimbo

Fimbo ya namba 3 ina pete ndogo, na fundo kati ya mshipi na uzi wa akiba likiwa nene utalisikia likipita, tak, tak, tak. Siku likinasa hutasikia kitu kingine. Kwa Dacron hufunga fundo la msumari, lile linalofungwa kwa kuuzungusha uzi juu ya mshipi kwa msaada wa msumari, kwa mizunguko sita, nikalikaza taratibu mpaka uzi uzame kwenye ganda la mshipi, nikakata mikia karibu kabisa na kupaka gundi laini inayobaki inapindika. Supaglu ngumu hupasuka. Mshipi ulio na kitanzi kutoka kiwandani ni rahisi zaidi: tengeneza kwenye uzi kitanzi kikubwa cha kupitisha spuli nzima, unganisha vitanzi viwili, na kila ukibadilisha mshipi hutafunga fundo jipya.

Uzi wa poliethilini usifungwe kwa fundo la msumari moja kwa moja. Unakata ganda la mshipi kama uzi unavyokata ugali.

Breki inazuia ukikunja, na inaachia samaki akivuta

Rili imejazwa kwa mkono usio wako. Duka nyingi hujaza kwa mtu anayezungusha kwa mkono wa kushoto, au kinyume chake, bila kuuliza. Geuza kile kijino cha breki au bearingi ya upande mmoja kama kijitabu cha rili kinavyoonyesha, kisha uzi na mshipi vyote vitolewe na kukunjwa upya upande sahihi, mshipi ukitokea chini ya spuli kuelekea pete ya kwanza. Hakuna njia ya mkato hapo.

Uzi una harufu ya ukungu, au una manyoya

Dacron haiozi upesi, lakini inashika maji, na rili ikifungiwa kwenye mfuko ikiwa mbichi utakuta madoa meusi na chuma kilichoanza kuchakaa chini yake. Ikiloa, vuta uzi, utandaze kivulini usiku mmoja. Manyoya kwenye uzi ni jambo zito zaidi, yanaonyesha umesugua mwamba au nguzo ya fremu. Kata kipande cha mita mbili cha sehemu iliyochoka, kizungushe mara kadhaa kwenye kijiti kila ncha, ning'iniza jerikani ya lita 5 iliyojaa maji. Ukibeba bila kukatika, unatosha kwa ncha yoyote ya trauti. Ukikatika, toa uzi wote. Kabla hujautupa, upime urefu wake kwa hatua zako pale uwanjani na uandike namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha rili.